Bafe hakufuati, ni wewe unayemwendea

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hujafungua ukurasa wa mapishi. Ukiambiwa umtaje nyoka wa kuogopwa kuliko wote katika nchi yetu, utamtaja nani? Bila shaka wengi wenu mtasema koboko, kwa mbio zake na ukali wa sumu yake. Wengine mtasema swila, hasa yule atemaye mate machoni mwa mtu. Ni wachache mno watakaomkumbuka bafe, yule nyoka mfupi, mnene na mzito, anayelala kando ya njia kama kipande cha gogo lililosahauliwa na mkata kuni. Lakini uliza watu wa mashambani ni nyoka gani amewatia vilema jamaa zao, nao watakujibu bila kufikiri mara mbili.

Kwetu Chara, huko kwenye delta ya Mto Tana, ukishapita Garsen ukielekea baharini, hakuna mtoto anayefikia umri wa kwenda shule kabla ya kuonywa juu ya bafe. Wengine humwita kifutu, na mahali pengine utasikia akiitwa moma. Majina ni mengi, nyoka ni yuleyule. Leo ninataka tumtazame kwa makini mimi nawe, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba anayejua maisha ya bafe ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na miguu yake miwili kuliko anayejua kumchukia tu.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu, acheni niwachoree picha. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kabla haujafika baharini, mto hupunguza mwendo, ukajigawa na kutandaa katika vijito, maziwa, vinamasi na mbuga za nyasi ndefu. Mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo yenye majimaji yanayotambuliwa kote duniani kwa umuhimu wake. Eneo lililoorodheshwa linapita hekta 160,000.

Hapo Wapokomo hulima mpunga, migomba na miembe kando ya mto, huku wakivua samaki. Waorma na Wardei huteremsha ng'ombe wao wakati wa kiangazi kutafuta malisho na maji. Juu ya yote husimama mivumo na mikoma, ikipepea. Ni nchi yenye neema. Lakini fikiria jambo hili, ndugu msomaji. Palipo na mpunga pana panya. Palipo na maji pana vyura. Na palipo na panya na vyura, je, unatarajia bafe akae wapi?

Basi tumjue mwenyewe. Bafe aliyekomaa kwa kawaida huwa na urefu wa mita moja hivi, japo wapo wanaozidi hapo. Jambo la kwanza litakalokushangaza si urefu bali unene. Tumbo lake ni pana kama mkono wa mtu mzima mwenye nguvu, na mkia ni mfupi kana kwamba umekatwa. Kichwa ni bapa na kipana, nacho kimetengana na shingo waziwazi. Rangi yake hufuata ardhi anayoishi: hudhurungi, manjano ya majani makavu, au kijivu cha vumbi. Mgongoni ana mistari kama herufi V iliyopangwa moja nyuma ya nyingine, ncha zikielekea mkiani. Alale kwenye majani makavu ya mwembe, utamkanyaga ukiwa unamtazama.

Wataalamu humwita kwa Kilatini Bitis arietans. Jina hilo la pili linatokana na neno la kupiga kichwa kama afanyavyo kondoo dume. Aliyelichagua hakukosea, kwa maana bafe hugonga kwa kishindo. Meno yake ya sumu ni marefu, yanapita sentimita moja, na akifunga kinywa huyakunja yakalala kwenye kaakaa kama kisu cha kukunja. Akigonga, huyafungua, akachoma, akamwaga sumu na kurudi nyuma kabla hujapepesa jicho.

Nchi zake ni nyingi. Anapatikana karibu kote katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, isipokuwa kwenye misitu minene ya mvua, jangwa kavu kabisa na vilele vya milima. Akavuka hata bahari, kwa kuwa yupo pia Yemen, Saudi Arabia na Oman. Basi wewe unayesoma ukiwa Kitengela au Athi River, usijidanganye kwamba hizi ni habari za watu wa Tana peke yao. Ni jirani yako huyo.

Sasa tuje kwenye tabia yake, maana humo ndimo siri ilimo. Nyoka wengi wakihisi mtetemo wa miguu ya mtu huondoka. Koboko hukimbia, swila huingia shimoni, na nyoka wa kijani hupotelea mtini. Bafe hafanyi hivyo. Yeye hutegemea rangi yake. Mungu amempa vazi la majani makavu, naye hulitumaini vazi hilo kwa moyo wake wote. Ukimkaribia hutulia zaidi. Ukipita hatua moja kando yake, hukuacha upite, nawe hutajua kamwe kwamba mlikutana. Ni watu wangapi wamepita hivyo na kurudi nyumbani salama wakiimba? Bafe hahesabu, nao hawajui.

Hutulia hivyo kwa sababu ndivyo anavyowinda. Yeye hamfukuzi panya, humngojea. Anaweza kukaa mahali pamoja siku kadhaa, amejikunja chini ya kichaka kando ya kijia cha panya, akisubiri riziki ijilete. Watafiti nchini Afrika Kusini waliotega kamera waliona jambo la ajabu, wakalieleza mwaka 2017. Bafe aliyejificha alitoa ulimi wake na kuuchezesha polepole kama mdudu mnono anayejinyonganyonga. Chura akaja kumla mdudu. Unaweza kukisia nani aliyemla nani.

Si rangi tu inayomficha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa mbwa waliofunzwa na kwa nguchiro. Wanyama hao waliweza kutambua kwa kunusa harufu za nyoka wa aina nyingine, lakini wakashindwa kutambua harufu ya bafe aliye hai. Kumbe hata pua ya mbwa hupita kando yake kama jicho la mtu lipitavyo! Basi ikiwa mbwa mwenye kipawa cha kunusa hashtuki, wewe unayerudi kutoka kisimani gizani na ndoo kichwani utashtukaje?

Akitembea bila haraka, bafe hapindipindi kama nyoka wengine. Husogea moja kwa moja kama kiwavi, magamba ya tumbo yakimvuta mbele, akaacha mchangani mchirizi ulionyooka. Wazee wetu huutambua mchirizi huo asubuhi na kuwaonya watoto. Lakini usidanganywe na uzito wake. Huogelea vizuri, na mara mojamoja hupanda vichaka. Usiku hupenda kujilaza kwenye njia ya vumbi au barabara ya lami iliyobaki na joto la mchana. Akisumbuliwa, hujaza pumzi, mwili ukavimba, kisha akaitoa kwa mlio mrefu kama wa gurudumu linalotoka upepo. Ukisikia mlio huo shukuru, ndugu yangu. Amekupa ilani ambayo si wote waliobahatika kuipata.

Na uzazi wake je? Wapo wanaosimulia kwamba watoto wa bafe hutoboa tumbo la mama yao na kumwua wakati wa kuzaliwa. Hadithi hii ni ya kale sana. Hata Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliisimulia juu ya nyoka wa jamii hii. Si kweli. Ukweli ni kwamba bafe hatagi mayai nje kama kuku au kama koboko. Mayai hukaa tumboni mwake mpaka watoto wakomae, kisha huzaliwa wakiwa hai, kila mmoja katika ngozi laini ambayo huipasua mara moja. Mara nyingi huwa 20 hadi 40. Lakini bafe mmoja jike aliyetoka hapa Kenya, akafugwa katika bustani ya wanyama huko Czech, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja! Hakuna nyoka wa aina yoyote anayejulikana kuzaa watoto wengi kuliko hao. Mama yao hakufa, wala hawalei. Kila mmoja huenda zake, akiwa na urefu usiozidi kalamu ya mwanafunzi, na sumu yake tayari kinywani. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika jambo hili wahenga walikuwa wanabiolojia.

Nimekueleza haya yote, msomaji, ili uelewe yaliyompata mjomba wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1997, zilipokuja mvua za El Niño. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mto ulivunja kingo zake, maji yakameza mashamba ya mpunga, na watu wakahamia kwenye vilima vidogo vilivyobaki vikavu. Lakini si watu peke yao waliohama. Panya walihama, vyura wakafuata, na nyoka nao wakaogelea kutafuta mahali pa kulala. Kila aliyekuwa na miguu na kila asiyekuwa nayo alikuwa akitafuta kipande kilekile cha ardhi.

Jioni moja mjomba alikuwa akirudi baada ya kufunga mtumbwi wake. Alikuwa miguu mitupu, na tochi haikuwa na betri. Hatua chache kabla ya kufika kwenye kibanda alihisi kitu laini chini ya kisigino, kisha maumivu aliyoyaeleza kuwa kama kutiwa kaa la moto ndani ya mfupa. Tulipoleta koroboi, bafe alikuwa bado yupo palepale, amejikunja, anapumua kwa mlio. Hakumfuata mjomba kumwongeza. Hakukimbia pia. Alikuwa mnyama mzito aliyekanyagwa mgongoni na mtu mzima, akajitetea kwa silaha aliyopewa.

Yaliyofuata yalifanywa na watu waliompenda mjomba kwa dhati, na hilo ndilo linalonihuzunisha. Kijana mmoja alileta tyubu ya baiskeli, wakaufunga mguu chini ya goti mpaka ngozi ikageuka rangi. Mwingine akaleta wembe, wakachanja pale penye alama za meno ili damu mbaya itoke. Jiwe jeusi likatafutwa, likabandikwa. Majani yakatwangwa. Mjomba aliomba tyubu ilegezwe kwa kuwa mguu ulikuwa unauma kuliko kidonda chenyewe, nao wakamsihi avumilie. Njia zilikuwa zimekatwa na maji, hivyo alisafirishwa kwa mtumbwi, kisha kwa mabega ya watu, kisha kwa lori. Alifika hospitalini siku ya pili. Mguu ulikuwa mweusi. Ulikatwa chini ya goti.

Daktari aliyemhudumia alitueleza kwa upole jambo ambalo sijalisahau. Alisema sumu ya bafe ingemdhuru mjomba kwa vyovyote, lakini ile tyubu iliifungia sumu mahali pamoja na kuunyima mguu damu, na zile chanjo zikaongeza majeraha. Mguu uliliwa na maadui wawili, na mmoja tuliuleta wenyewe.

Mjomba aliishi. Lakini mkulima wa mpunga anayesimama kwenye matope kwa mguu mmoja ni mkulima wa jina tu. Alijifunza kusuka nyavu, na nyavu hazikutosha karo. Kifungua mimba wake aliacha masomo akiwa darasa la saba ili ashike jembe la baba. Kwa hiyo unaposikia kwamba fulani aliumwa na nyoka lakini hakufa, usiharakishe kusema alhamdulillahi ukaendelea na chai yako. Uliza mguu uko wapi. Uliza watoto wako shule gani.

Kwa nini mguu huharibika namna hiyo? Sumu za nyoka si moja. Sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu, pumzi ikakatika kwa muda mfupi. Sumu ya bafe hufanya kazi nyingine. Ina vimeng'enya vinavyovunja nyama na kuta za mishipa ya damu, kana kwamba tumbo la bafe limeanza kumeng'enya chakula likiwa nje ya mwili wake. Panya humalizwa upesi. Kwa mtu, mahali palipoumwa huvimba, uvimbe ukapanda, malengelenge yakatokea, na damu ikavuja ndani ya nyama. Maji ya mwili yakihamia kwenye uvimbe kwa wingi, mtu huweza kuzimia na hata kufa. Lakini kwa kawaida bafe haui kwa dakika. Huchukua saa nyingi, mara nyingi siku nzima na zaidi. Maana yake, msomaji wangu, ni kwamba kuna muda wa kumfikisha mtu kwenye tiba. Muda huo ndio tunaoupoteza kwa wembe na jiwe jeusi. Jiwe hilo, ambalo huaminiwa sana katika nchi yetu, halivuti sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama.

Tiba ya kweli ni moja, nayo ina umri wa zaidi ya miaka 100. Katika miaka ya 1890 wanasayansi wa Ufaransa, miongoni mwao Albert Calmette, waligundua kwamba mnyama akipewa sumu kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kinga dhidi ya sumu hiyo. Hadi leo dawa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa njia hiyohiyo: farasi hudungwa sumu kwa vipimo visivyomdhuru, damu yake hutolewa, na ile kinga huchujwa na kutiwa kwenye chupa. Lakini dawa ya nyoka wa India haimfai sana aliyeumwa na nyoka wa Kenya. Lazima sumu iliyotumiwa iwe ya nyoka wa kwetu.

Hapo ndipo tulipobanwa. Kwa miaka mingi Kenya imeagiza dawa hii kutoka nje, na bei yake si ya mkulima. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa ilikuwa na dawa iliyosifiwa sana, Fav-Afrique, iliyotibu sumu za aina 10 za nyoka wa Afrika akiwemo bafe. Mwaka 2014 iliacha kuitengeneza kwa kuwa haikuwa na faida, na chupa za mwisho zilipitwa na muda mwaka 2016. Mwaka 2017 wanasayansi waliochunguza dawa zilizokuwa zikipatikana humu nchini waligundua kwamba baadhi yake zilikuwa dhaifu mno dhidi ya sumu za nyoka wetu.

Mwaka huohuo wa 2017, Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sumu ya nyoka, na kwamba wanaobaki na vilema vya maisha, kama mjomba wangu, ni takriban mara tatu ya hao. Mwaka 2019 lilitangaza lengo la kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Hapa nchini, taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Nairobi ina kituo kinachochunguza sumu za nyoka wetu na tiba yake. Na huko Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, aliyepata kuwa msimamizi wa nyoka katika Makumbusho ya Taifa, pamoja na mkewe Sanda. Wanaotembelea pwani na watoto wao wanaweza kumwona bafe pale akiwa nyuma ya kioo, jambo ambalo ni salama kuliko kukutana naye njiani.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, mpwa wangu wa kike aliumwa na bafe kidoleni akiokota kuni. Alikuwa na miaka 11. Mara hii mama yake hakuleta wembe. Alimlaza mtoto kivulini, akamvua bangili kabla mkono haujavimba, akaulaza mkono juu ya kipande cha ubao na kuuzungushia leso bila kuukaza. Mwanao wa kiume akapiga simu, bodaboda ikaja. Kituo cha kwanza walichofika hakikuwa na dawa hata chupa moja, na muuguzi, ambaye hakuwa na la kufanya, aliwaelekeza kwingine. Walifika huko kabla ya usiku kuingia. Dawa ilikuwepo. Mtoto alikaa wodini siku nyingi, na kile kidole hakikunjiki tena vizuri. Lakini mkono upo, na anaandika kwa mkono uleule. Kati yake na mjomba palikuwa na barabara na simu, ni kweli. Palikuwa pia na mama aliyejua asifanye nini.

Basi nawe ujue. Mtu akiumwa, mwondoe karibu na nyoka, umtulize, umlaze. Mvue pete, bangili, saa na viatu mara moja. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye damu, usitie barafu wala mafuta ya taa. Usimpe pombe, wala aspirini, kwani huzidisha kuvuja kwa damu. Ukiwa na kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipofika na uandike saa, daktari atakushukuru. Usipoteze muda kumwinda nyoka ili umpeleke hospitalini, kwa maana wengi waliofanya hivyo walipeleka wagonjwa wawili. Tafuta usafiri. Na ikiwezekana, piga simu kwanza uulize hospitali ipi ina dawa.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba, na kinga dhidi ya bafe ni rahisi kwa sababu tunajua anavyoishi. Hakufuati, ni wewe unayemwendea. Kwa hiyo mulika unapokwenda. Tochi ya simu inatosha. Vaa viatu vinavyofunika mguu usiku na shambani. Gambuti ni bora kuliko ndara. Usitie mkono chini ya kuni, mawe au nyasi usipopaona, tumia fimbo. Kata nyasi kando ya vijia na kuzunguka nyumba. Weka nafaka kwenye ghala lililoinuliwa, maana ukimkaribisha panya umemkaribisha anayemla. Mafuriko yakija, kama yalivyokuja tena kwetu mwishoni mwa 2023, kumbuka kwamba kila kilima kikavu kina wapangaji wengine. Na nyinyi wanafunzi mnaokwenda mashambani likizo kumsalimu nyanya, msicheke mkiambiwa mvae viatu.

Huenda ukauliza, kwa nini basi tusimwue kila bafe tunayemwona tukapumzika? Nami nitakujibu kama mtu aliyeona mguu wa mjomba wake. Mkulima wa mpunga ana adui anayeingia shambani kila usiku wa mwaka, naye si bafe. Ni panya. Bafe hulinda mavuno bila kulipwa wala kushukuriwa. Tena wanaokwenda kumpiga kwa fimbo humkaribia kuliko wapita njia, na hapo ndipo wengine huumwa. Ukimkuta porini, rudi nyuma hatua kadhaa na upite mbali. Akiwa ndani ya boma lako penye watoto, hiyo ni habari nyingine. Weka watu mbali na umwite anayejua kumwondoa. Watamu wapo wanaofanya kazi hiyo.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi watu wa delta tumetafunwa vya kutosha. Lakini kushtuka si kujua. Anayeshtuka hukimbilia wembe. Anayejua huwasha tochi. Jumapili ya leo, ukimaliza gazeti hili, mpigie simu nduguyo aliye mashambani, umwulize maswali mawili tu: kama ana tochi inayowaka, na kama anajua ni hospitali ipi iliyo karibu naye yenye dawa ya sumu ya nyoka. Akikosa jibu la swali la pili, lianzeni kulitafuta pamoja leo, kabla mtu hajaumwa.